Shajara ya Z: kujifunza kuzungusha na kufunga, Lubumbashi

Kuzungusha motokari yenye iko na nguvu nyuma, kila mutu anaweza. Unakata volani mpaka mwisho, unafinya esansi, nyuma inaenda, moshi inapanda, batoto banapiga makelele. Kintu nataka kujifunza mimi iko ingine kabisa: nataka motokari izunguke vile nimesema, isimame fasi nimesema, na pua iangalie upande nimesema. Sisi huku tunaita ile sehemu ya mwisho kufunga, na hii shajara yote ni ya kufunga. Naandika mwezi kwa mwezi vile kazi inaendelea, ju kuko vijana mingi hapa L'shi bananunua motokari ya nguvu na fasi ya kujifunzia inakuwa barabara ya Kasapa saa ine ya usiku, na ile njo kintu nataka tuache.

Motokari ni Nissan 350Z, yenye kwao Japani inaitwa Fairlady Z. V6 ya litre 3.5, haina turbo, vitesi sita za mukono, moteri mbele na nguvu nyuma, volani kuume sawa vile motokari mingi za huku zenye zinapitia Dar es Salaam, Zambia, Kasumbalesa. Ku karatasi ya Japani iko na farasi 280. Lakini Lubumbashi iko karibu metre 1,200 juu ya bahari, hewa iko nyepesi, na moteri yenye haina turbo inapoteza karibu sehemu moja ku nane ya nguvu yake, kwa hivyo zile farasi zenye ninatumia kweli hazipite 245 ao karibu na pale. Zinatosha. Kwa mwanzo zinapita hata lazima.

Mwenye kunifundisha ni Yaya, mutoto mukubwa wa baba yangu mukubwa, alikaa miaka mingi Johannesburg anafanya mekanisiye. Kule ku Afrika Kusini hii kintu iko na mizizi yake: ilianzia Soweto na vitongoji vingine miaka ya 80, kwenye matanga ya majambazi, batu bakamuzungushia marehemu motokari kama heshima, mara mingi BMW ya E30 yenye banaita gusheshe. Leo ni mchezo yenye iko na viwanja, bafunzi, na baamuzi, na mu 2014 shirikisho ya michezo ya motokari ya kule ikaitambua rasmi. Iko bibi mumoja, Stacey-Lee May, alianza angali kijana sana na leo jina yake inajulikana mpaka inje ya Afrika. Yaya anasema tofauti ya mutu anajua na mutu hajue huioni ku moshi, unaiona ku vile anamaliza.

Mwezi wa kumi, mbele ya mvua

Tumepata fasi. Papa mumoja wa kanisa yetu iko na depo ku barabara ya Kipushi, alikuwa anaweka pale mashini za mgodi, sasa uwanja iko wazi, betoni tupu, imezungukwa na ukuta, na upande moja kuko kontena zimepangwa. Nilienda na Yaya kumuomba, tukamupelekea chupa ya asali kutoka Kasenga, tukakaa naye, tukamweleza yote bila kuficha. Akakubali na masharti yake: Siku ya Posho (Jumamosi) kisha saa munane paka, Siku ya Mungu hapana ju kwaya iko jirani, na siku mutoto mumoja akipita ukuta kazi inasimama pale pale.

Ju nini betoni na si kiwanja ya udongo? Batu banauliza sana. Udongo ya huku mu kiangazi inateleza muzuri, ni kweli, lakini iko na mifereji zenye zilibakia tangu mvua, na motokari ikiwa inateleza pembeni, ukingo ya pine ikiingia mu mufereji, ile nguvu yote ya kwenda pembeni inashikwa na fasi moja chini, pale njo motokari inapinduka. Z iko chini sana, ku betoni yenye iko sawasawa kuipindua ni ngumu. Ku mufereji haina ngumu.

Wiki za kwanza hatukuzungusha kintu. Tulifagia. Vijiwe, misumari, vipande vya vyuma, kila kintu. Kisha tukachukua pine za zamani, tukazipaka chokaa, tukapanga: moja ya fasi ya kuanzia, moja ya katikati, mbili za mulango yenye motokari inapaswa kuingia kisha kuzunguka. Ule mulango Yaya aliuweka tangu siku ya kwanza, mbele hata ya kunionesha volani inakatwa namna gani. Anasema mutu akijifunza kuzunguka bila kuwa na fasi ya kutokea, muili yake inazoea kuzunguka bila kutoka.

Ku motokari tulibadilisha mafuta ya freni na ya ambreyaji (DOT 4 mupya, yenye ingali kauka inachemka ku digri 230, ile imekunywa maji ya hewa inaweza kuchemka ku 155 na pedali inabakia chini), tukajaza mafuta ya moteri mpaka alama ya juu, tukakaza kamba ya freni ya mukono, tukatosha kila kintu mu motokari: jeki, chupa ya maji, hata karatasi za pale mbele. Kintu iko huru mu motokari yenye inazunguka inatembea, na chupa ikiingia chini ya pedali ya freni umeisha.

Mwezi wa kumi na moja

Mvua imefika, na mvua njo mwalimu yetu.

Hii nataka niieleze muzuri. Betoni kavu inashika pine sana, kwa hivyo kuivunja ile kushika unahitaji mwendo kubwa ao esansi mingi, na saa inavunjika bintu vinaenda mbio kupita macho. Betoni yenye maji inashika karibu nusu ao kiloko zaidi ya nusu. Kile kintu kavu kingetokea na kilometre 60 kwa saa, hapa kinatokea na 40 na kiloko. Na mwendo haiongezeke na hatari sawasawa: kutoka 40 kwenda 60, ile nguvu yenye inapaswa kumalizwa mbele motokari isimame inaongezeka zaidi ya mara mbili. Ukijifunza ku maji unapata muda ya kuona. Unaona pua inaenda, unasikia nyuma inaachilia ku matako yako mbele macho ijue, na uko na nafasi ya kufanya kintu.

Tulianza na nusu muzunguko ya freni ya mukono. Kwanza unazima VDC, ile kompyuta yenye inazuia kuteleza, kuko kifungo yake. ABS, ile yenye inazuia freni isishike pine kabisa, inabakia, lakini freni ya mukono inaenda na kamba, haipite ku ABS, kwa hivyo pine za nyuma zitashikwa kabisa. Unaingia mulango na 40, vitesi ya pili, ambreyaji chini mbele ya yote (nyuma njo inavuta motokari, ukishika pine za nyuma na moteri ingali imeunganishwa unazima moteri na unaumiza bintu), unakata volani nusu muzunguko, unavuta freni na kidole gumba kikibakia ku kifungo ili isijifunge juu. Pine yenye haizunguke haina nguvu ya kushika pembeni, inateleza upande yoyote. Kwa hivyo nyuma inaenda, pua inabakia, motokari inageuka.

Volani iko kuume, freni ya mukono iko kushoto yangu, mukono ya kuume inabakia peke yake ku volani. Yaya akanionesha: ukienda kuume, mukono inaanzia juu kabisa na inavuta kushuka, ukienda kushoto, inaanzia chini na inapanda. Ni kintu kiloko lakini bila ile mukono inaishiwa na njia katikati ya kazi.

Na sasa kufunga. Motokari ya kilo 1,400 na zaidi ikishaanza kuzunguka haitake kuacha, ile kuzunguka yenyewe iko na muzigo yake. Ukingoja mpaka pua ifike fasi unataka njo unyooshe volani, umechelewa, itapita. Unapaswa kuanza kufunga pua ingali njiani, karibu na robo na kiloko, unaachilia freni ya mukono, unanyoosha volani, pine za nyuma zinaanza kuzunguka tena na zinashika, ile robo ya mwisho motokari inaimaliza peke yake. Wiki ya kwanza nilikuwa nafunga na macho, naona ukuta njo nanyoosha. Yaya akaweka kitambaa nyekundu ku kontena upande ya kutokea, akasema kichwa yako igeuke kuitafuta ile kitambaa mbele hata pua haijafika kati. Kutoka pale ikaanza kukubali. Mukono inafuata macho, sijue namna ingine ya kuieleza.

Sheria ya hatari pia tuliiweka ile mwezi na hatujaigusa tangu pale: ikipotea, miguu zote mbili chini, ambreyaji na freni, na zinabakia chini mpaka motokari isimame kabisa. Batu banafikiri ni ya kulinda moteri. Kazi yake kubwa ni kulinda bale basimamia pale. Ukiwa na freni chini mpaka mwisho, motokari inaendelea kuteleza karibu ku mustari moja yenye ilikuwa inaenda, hata kama inazunguka, kwa hivyo wenye kusimama banajua haiwezi kubakujia. Ukiachilia freni katikati, pine zinashika ghafula na motokari inaruka upande pine zinaangalia, na ile upande hakuna mutu anaijua.

Mwezi wa kumi na mbili

Kugeuka kwa kurudi nyuma. Hii niliiogopa lakini kumbe njo yenye inafundisha muzuri kufunga kuliko zote.

Unarudi nyuma ukinyoosha, mpaka 35 hivi, unaachilia esansi. Sasa sikia: ukiwa unarudi nyuma na unapunguza mwendo, uzito ya motokari inaenda upande yenye inatangulia, maana yake nyuma. Mbele inakuwa nyepesi. Ukikata volani haraka pale pale, pua nyepesi inatupwa pembeni na inapita mbele. Ambreyaji chini, na motokari ikiwa imekaa pembeni kabisa njo unatosha kutoka reverse kuingia ya kwanza, unanyoosha volani, unaachilia ambreyaji, unaenda. Ikiwa imefungwa muzuri, mutu anayesimama anaona paka mustari moja: motokari inakuja na matako, inaendelea na pua, mwendo haikatike.

Shida ni ile vitesi. Ukiingiza mapema Z inalia. Ukichelewa, pua imeshamaliza na wewe ungali unatafuta. Tulikaa saa mingi motokari imesimama, moteri imezimwa, macho imefungwa, nafanya paka ile: reverse, kati, kwanza, na mukono ya kuume inanyoosha. Mama yangu akanikuta mu sebule nafanya vile ku hewa na kijiko ya kupikia bukari mukononi kama levye ya vitesi. Hakuuliza kintu, alichukua kijiko yake akaenda.

Kufikia Noeli nilikuwa natoka kwenye mulango bila kugusa pine ya chokaa, upande ya kuume. Upande ya kushoto bado.

Mwezi wa kwanza

Mvua kubwa, uwanja umejaa maji mpaka kati. Maji ya kusimama haiko muzuri, fasi moja inashika na fasi ingine inaelea, tukafungua mufereji wa depo wenye ulikuwa umeziba na majani, ikachukua siku yote. Papa mwenye depo akafurahi, alikuwa anautafutia batu tangu mwaka yenye ilipita.

Sasa njo tumeingia ku esansi. Mpaka hapa nguvu ya Z haikuwa na kazi, hata motokari ya farasi 90 ingefanya ile yote. Kuzunguka kwa esansi ni ingine: motokari imesimama, volani mpaka mwisho, ya kwanza, moteri ku mizunguko 3,500 kwa dakika, unaachilia ambreyaji ghafula, pine za nyuma zinapotea, na motokari inazunguka ku pine ya mbele ya ndani. Kwa maji hata 2,500 inatosha.

Pale nguvu inaonesha tabia yake. Muguu ya kuume njo volani ya pili. Unaongeza kiloko, nyuma inakimbia zaidi, inazunguka haraka. Unapunguza kiloko, duara inafunguka. Lakini ukiachilia esansi yote mara moja, pine zinashika palepale na motokari inatupwa mbele, upande pua ilikuwa inaangalia ile sekunde. Karibu video zote zenye motokari inaingia mu batu, ukiangalia muzuri, njo hii: mwenye kuendesha aliogopa akatosha muguu. Hakuongeza esansi, alitosha.

Kwa hivyo kufunga hapa inaanza na muguu ya kushoto. Ambreyaji chini kwanza, nguvu inakatika, pine za nyuma zinapunguza mpaka zifike mwendo ya chini, motokari inazunguka kama robo ingine na inakufa. Kisha volani. Kisha freni. Nilirudia kwa sauti nikiwa ndani, ambreyaji, volani, freni, ambreyaji, volani, freni, na Yaya inje anainua mukono saa yake yeye, bila kunipa dalili, na mimi napaswa kufunga pale mukono umeinuka. Hii zoezi naipendekeza kwa kila mutu. Ukichagua mwenyewe saa ya kufunga, unachagua saa rahisi.

Mwezi wa pili

Siku tatu ya kwanza za mwezi motokari ilikaa garaje. Mafuta ya direksyo yalichemka yakatoka ku kikopo yake, yakamwagika karibu na moteri, harufu mingi. Hakuna motokari ya barabara yenye ilitengenezwa ili volani itoke mwisho ya kushoto mpaka mwisho ya kuume bila kupumua saa nzima, pompi inasukuma mafuta fasi yenye imefungwa na joto yote inabakia ndani. Na yale mafuta yakigusa tiyo ya moshi yenye iko moto yanawaka. Tuliweka radiatere kiloko ya mafuta ya direksyo, kutoka ku motokari ingine ya kazi, mbele pale hewa inapita, mekanisiye wa Kamalondo akatengeneza tiyo. Tukapanga pia: dakika chache kazi, kisha kapoti juu, kimya, kila mutu anakunywa maji. Kizimamoto mbili, moja kwa Yaya moja ku ukuta.

Na mambo ya esansi: tanki ya Z imekaa sawa vile tandiko ya punda, iko na mfuko pande zote mbili, pompi iko upande moja. Ukizunguka muda murefu upande moja na tanki iko chini ya nusu, esansi yote inakimbilia upande yenye haina pompi, moteri inakohoa na nguvu inakatika ghafula, ile ile hatari ya kutosha muguu lakini wewe hujatosha. Sasa tunaanza kila mara na tanki kupita nusu. Inauma mufuko, bei ya esansi munaijua wenyewe.

Mwezi wa tatu

Namba munane. Pine mbili za chokaa, unazunguka moja kuume, unavuka, unazunguka ingine kushoto, bila pine za nyuma kushika katikati.

Hii njo nimeipenda kuliko yote na nafikiri hata kama siku moja nitaacha bintu vingine hii nitaendelea. Ju kufunga na kufungua inakuwa kintu moja. Unatoka mu duara ya kuume, unapunguza esansi kiloko paka, nyuma inaanza kurudi, na ile kurudi iko na nguvu yake, ukiiacha inapita kati na inaendelea upande ingine yenyewe. Volani inakimbia peke yake mukononi, ju pine za mbele zinatafuta zenyewe upande motokari inaenda, zilitengenezwa hivyo, unachopaswa ni kuiacha ipite mu vidole na kuishika pale unataka. Mutu mwenye anaanza anashika volani kwa nguvu na anapigana nayo. Yaya alinifunga kitambaa ku vidole gumba ili visiingie ndani ya volani, ju ikirudi haraka inaweza kuvunja.

Ile kuvuka ikikubali unasikia motokari nyepesi kabisa kwa muda kiloko, hakuna upande inaegemea, na pale pale unarudisha esansi. Ukirudisha mapema inarudi kule ilitoka. Ukichelewa inashika na inatoka moja kwa moja. Muda wenyewe ni kiloko sana lakini unajulikana, hata na macho imefungwa unaujua ku mugongo.

Vijana ba kartye bameanza kuja kuangalia ku mulango ya depo. Tulikaa tukapanga: banapanda juu ya kontena, kontena mbili kwenda juu, na mukubwa mumoja anabakia nabo. Hakuna mutu chini, hata kwa picha. Mumoja, iko na miaka kama kumi na sita, kila Posho anakuja na daftari anachora njia ya pine. Nikaomba nione. Michoro yake ilikuwa inaonesha kintu sisi hatukuona: duara yangu ya kushoto ni kubwa kuliko ya kuume kila mara, na inaanza kukuwa kubwa ku robo ya mwisho. Maana yake upande ya kushoto nafunga mapema, naogopa ule ukuta. Yaya akamupa ile kijana kazi, sasa njo anaandika kila kintu.

Mwezi wa tano, kiangazi

Mvua imeisha. Betoni kavu.

Kila kintu kinapaswa kujifunzwa tena lakini haraka, ju muili inajua mupango, paka saa njo imebadilika. Kavu inavunjika ghafula na inashika ghafula. Moteri sasa ku 4,000 na zaidi, na joto iko juu.

Pine. Za nyuma Z inatumia 245/45 za inchi 18, mupya hapa bei yake haifai kwa hii kazi, kwa hivyo tunachukua za okazyo kwa kwado, mutu wa kutengeneza pine. Kwa wenye kununua: angalia zile namba ine za mwisho ya mustari yenye inaanza na neno DOT ku ubavu ya pine, mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. 2314 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2014. Pine yenye ni muzee sana ngozi yake inabandua na ile waya ya ndani inapiga mwili ya motokari na inaweza kukata tiyo ya freni. Kwado wetu sasa anajua, anatuwekea zenye zingali na umri muzuri hata kama michoro imeisha, michoro sisi haina kazi nayo. Nyuma tunaweka hewa ya kilo tatu ili zishike kiloko, mbele kilo mbili na nusu na pine muzuri, mupya kabisa kama unaweza. Batu banaweka pesa yote nyuma ju njo kunatoka moshi. Mbele njo kunafunga.

Yaya na mimi hatukukubaliana ku ponti ya nyuma, ile yenye inagawanya nguvu ku pine mbili za nyuma. Yeye anataka tuiunganishe na sudere, pine zote mbili zizunguke pamoja saa yote, ni rahisi na njo vile bengi banafanya. Ya Z iko na mafuta mazito ndani kati ya sahani, yakipata joto yanashika na yanapeleka nguvu pande zote mbili, lakini yakizeeka yanachoka, na yangu imeanza kuchoka, pine ya ndani inatoa moshi peke yake. Mimi nakataa sudere ju hii motokari natembea nayo pia mu ville, na ponti imeunganishwa ku gudroni yenye maji inasukuma pua inje ya kona. Tumekubali kutafuta ya sahani za kukwaruzana, inakuja kutoka Afrika Kusini, itachukua muda.

Mwezi wa sita

Asubuhi baridi, digri chini ya kumi, saa munane jua imepasha betoni muzuri.

Tumeunganisha bintu viwili vya kwanza: unaingia mulango na 50, freni ya mukono, nusu ya kwanza, sasa unaenda na matako, hauachilie ambreyaji hata kiloko (motokari inarudi nyuma na vitesi ya mbele, ukiachilia unazima moteri), volani unaikata upande ingine, pua inaendelea kuzunguka sawa vile ile zoezi ya mwezi wa kumi na mbili, na ku robo ya tatu unaanza kunyoosha, ya pili imeshaingia, unatoka kwa mulango ingine unaangalia mbele. Muzunguko muzima, motokari haijasimama. Upande ya kuume inatoka muzuri kati ya pine za chokaa na daftari ya kijana inaonesha njia yenye iko sawa kila mara. Kushoto natoka mulangoni lakini nimeegemea pine ya nje, robo ya tatu nachelewa sasa, zamani nilikuwa nawahi.

Kintu kimoja tumebadilisha: kwa kushoto tumehamisha mulango mbali na ukuta, metre chache tu, na kitambaa nyekundu tumekipandisha juu zaidi ili macho isishuke ku betoni. Posho yenye inakuja, kama Yaya harudi tena Kasumbalesa kufuata ile ponti, tunaanza na kushoto paka, pine za nyuma zingali baridi na tanki imejaa, na kuume hatutaigusa mpaka kijana wa daftari aseme michoro ya pande mbili inafanana.